Msumari na Maji ya Moto

Hivi wewe, ukiambiwa maji haya ni ya moto, unaelewa kwamba yamechemka? Usijibu upesi. Kuna shule nzima iliyojibu upesi, na matumbo ya watoto ndiyo yaliyolipa.

Kila asubuhi Msumari, msichana wa darasa la tano, alimshika mkono mdogo wake wa darasa la kwanza wakaenda shule. Mdogo wake walimwita Babu, kwa sababu tangu alipojua kutembea alitembea mikono nyuma, kama mzee anayekagua shamba lake. Jina la Msumari lilitoka kwa shangazi yao, mpishi wa shule. "Huyu mtoto," shangazi alisema, "ukishampigilia mahali, humng'oi mpaka uje na koleo."

Mwezi huo njia ya shule ilikuwa ndefu. Babu alisimama kila mara, akakunja uso na kushika tumbo.

"Dada, linanisokota tena."

Mama yao alikuwa fundi cherehani, na suruali ya Babu alikwisha kuipunguza kiuno mara mbili. Zahanati nako walikwenda. Nesi aliuliza, "Anakunywa maji gani?" Mama akajibu kwa fahari, "Nyumbani nachemsha mwenyewe, na shuleni wanachemshiwa." Nesi akabaki kukuna kichwa kwa kalamu.

Darasa la tano mwezi ule walikuwa wakijifunza habari za maji: yanavyoganda, yanavyochemka na yanavyogeuka mvuke. Mwalimu wa sayansi, mama mwembamba mwenye sauti ya kengele, aliingia na jiko la mafuta na kisufuria, wanafunzi wakamzunguka. Kwanza vipovu vidogo vilikaa chini kama shanga. Redio, aliyekaa dawati moja na Msumari na ambaye hakuumbwa na kitufe cha kuzimia, akapaza sauti, "Tayari! Yamechemka!"

"Bado," mwalimu akasema. "Hayo yamepata moto tu. Maji yaliyochemka hayaoni haya. Yanatokota, yanaruka, yanacheza ngoma. Yaacheni yatokote, ndipo vijidudu vinapokufa." Kisha akafunika kisufuria. Haukupita muda, kifuniko kikaanza kugongagonga chenyewe, darasa likaangua kicheko.

Wakati wa mapumziko Msumari alikwenda jikoni. Lilikuwa banda la mabati lenye mafiga meusi na kuni zilizolowa zikitoa moshi mwingi kuliko moto. Juu ya mafiga palikuwa na sufuria pana, wazi, ambayo Babu angeweza kuoga ndani yake. Shangazi alikuwa akichota maji kwa jagi na kuyamimina kwenye pipa la kunywea watoto. Msumari aliinama akachungulia. Mvuke ulikuwapo, mwembamba. Maji yenyewe yalitulia kama mtu aliyelala.

"Shangazi, haya hayajatokota."

"Yamepata moto. Tia kidole kama hutalia."

"Moto yamepata. Kuchemka hayajachemka."

"We mtoto! Mwalimu Mkuu aliniambia, wape watoto maji ya moto, yakipoa wanywe. Hakuongeza neno." Shangazi akafuta jasho kwa upindo wa aproni. Alifungua kinywa kama mwenye jambo jingine, akakifunga, akaendelea kuchota.

Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia. Kila mwanafunzi wa darasa la tano angesimama aseme sentensi moja ya yale waliyojifunza mwezi huo. Redio alipewa ya kugawa chungwa katika sehemu nne zilizo sawa, naye akaapa ataila robo yake papo hapo. Msumari, mwalimu wa sayansi alimpa hii: "Shuleni kwetu tunakunywa maji yaliyochemka."

Akasimama. "Mwalimu, samahani. Hiyo siisemi."

Redio akamvuta sketi akae.

"Huisemi kwa nini?"

"Si kweli, mwalimu. Maji yetu hayatokoti."

"Mwalimu Mkuu ameagiza yachemshwe."

"Ameagiza yawe ya moto."

"Ni yale yale!"

"Juzi ulitufundisha kwamba si yale yale, mwalimu."

Nyuma mtu alicheka akajifanya anakohoa. Uso wa mwalimu ukawaka. Pengine angekuwa peke yake na Msumari angesikiliza, lakini mbele ya darasa zima ulimi huwa mzito kurudi nyuma. "Utaisema, ama utakaa nje mpaka mazoezi yaishe."

"Nitakaa nje, mwalimu," Msumari akajibu kwa adabu, na begi akalichukua kabisa.

Alikaa kizingitini, mgongo wima. Kengele ilipolia Redio akamjia. "We Msumari, sentensi haiumi bwana. Itamke, umeze mate, yamekwisha."

"Wewe haikuumi. Babu inamuuma tumboni."

Habari ilifika nyumbani kabla yake, maana Redio alikuwa hewani. Mama hakuinua macho kwenye cherehani. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Waliolisikia ndio wanaoumwa matumbo, mama."

Kicheko kilitaka kumponyoka mama, akakizuia kwa kuuma uzi. Kisha akasema polepole, "Na shangazi yako je? Ukisimama useme maji hayachemki, watu watamtazama nani? Akifukuzwa kazi, utafurahi?"

Jioni Msumari aliusukuma wali wake kando. Alimtazama Babu aliyejikunja mkekani, akamfikiria shangazi na macho yake mekundu ya moshi. Kumnyamazia mmoja ni kumuumiza mwingine. Akaona heri mwenye jambo aambiwe mwenyewe, asije akalisikia barazani. Akatoka, akavuka uchochoro hadi kwa shangazi, akamkuta akipepeta mchele.

"Shangazi, kesho siku ya wazazi nitasema kweli. Sikusemi wewe. Nayasema maji. Nimekuja ulijue kwangu."

Shangazi aliendelea kupepeta. Pumba zilipokwisha akaweka ungo chini. "Msumari we! Haya. Ukigonga, gonga wima. Msumari uliopinda haufai kitu."

Kesho yake wazazi walijaa uwanjani, mama akiwa mstari wa mbele na Babu mapajani. Msumari alikuwa amerudishwa katika mstari; mwalimu wa sayansi alidhani kukaa nje kumemlainisha. Redio alisema sentensi yake na kumeza robo ya chungwa, watu wakapiga makofi. Ikafika zamu ya Msumari. Akasogea mbele hatua moja.

"Mwezi huu tumejifunza kwamba maji yamechemka yakitokota. Maji ya pipa letu hayatokoti. Yanapata moto tu, na mdogo wangu anaumwa."

Minong'ono ikapita. Mwalimu Mkuu, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, akainuka. "Nani kakutuma kuitia shule aibu?"

"Hakuna, mwalimu. Sufuria iko motoni sasa hivi. Ukiikuta inatokota, nitasema sentensi yenu kila asubuhi mpaka nimalize shule."

Mwalimu Mkuu akaenda jikoni kwa hatua za hasira, umma ukimfuata. Akachungulia. Maji yalilala vile vile. Akamgeukia shangazi. "Sikukuambia watoto wapewe maji ya moto?"

"Nami nikawapa ya moto, mwalimu. Ulivyosema."

Mwalimu Mkuu akaguna. Akachungulia tena, kama anayetumaini neno litayachemsha. Mwalimu wa sayansi akasogea mbele, sauti ya kengele imeshuka.

"Wanangu," akasema, "uongo mtupu hujulikana upesi. Neno lililo jirani na kweli ndilo huingia ndani bila kubisha hodi. Mkuu alisema moto akidhani amesema yachemke. Mpishi akasikia moto, akaishia hapo. Na mimi, niliyewafundisha tofauti yake, niliandika sentensi bila kuja kuchungulia sufuria. Nilimtoa nje mtoto aliyechungulia. Msumari, nisamehe. Nanyi wengine shikeni hili: adabu haimtaki mtu anyamaze. Inamtaka aseme kweli kwa heshima, na amwambie kwanza yule inayemgusa."

Pipa likamwagwa pale pale, na watoto wa darasa la tano wakatumwa kutafuta kuni kavu. Mwalimu Mkuu, ambaye sasa alikuwa ameshusha mabega, akamgeukia shangazi.

"Lakini mpishi, wewe uliyaona kila siku. Sufuria kama hii, wazi, kuni zenyewe mbichi, yangechemka lini? Ulikuwa na haja gani usiyoisema?"

Shangazi akatazama vidole vyake vilivyoungua. Watu walikuwa wengi. Akaanza kukunja upindo wa aproni.

"Usipinde, shangazi," Msumari akanong'ona.

Shangazi akaachia aproni, akanyoosha mgongo.

"Kifuniko, mwalimu. Tangu siku ya kwanza nilitaka kuomba kifuniko."