Mstari Mwekundu Kwenye Nyonga

Walikutana mapokezi ya hospitali, watu wamejaa hadi mlangoni. Yeye alikuwa kipa wa timu ya wanawake, kavaa fulana ya kijani, kidole kimeteguka, miguu kainyoosha katikati ya njia. Daktari wa kusoma picha za mwili, kijana mwenye koti jeupe, akajikwaa hapo.

"Unadaka hata madaktari?"

"Nadaka kinachokuja vizuri."

Baada ya hapo simu hazikulala. "Umekula, kipenzi?" "Nimekula. Na wewe punguza kupiga, kocha ataninyang'anya simu."

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao nyonga ya kulia ya kipa ilianza kumuuma, wiki ile ile timu kubwa ya ng'ambo ilipomwita majaribio. Daktari alimpiga picha ya MRI mwenyewe, akaisoma mwenyewe.

"Safi kabisa, mpenzi. Misuli imechoka tu."

Kipa akaamini. Akajichua, akameza dawa, akaenda majaribio, akashindwa kuruka kulia. Wakamchukua mwingine. Kocha akamwambia mbele ya wenzake kwamba anadeka. Aliporudi alimnunia daktari mwezi mzima kwa sababu daktari alimwonea huruma mno, kisha yeye mwenyewe akapiga simu.

"Nimekukumbuka, basi."

"Njoo, malkia wangu. Mimi nipo."

Mwaka wa pili alishindwa kupanda ngazi bila kushika ukuta. Mpenzi wake alikuwa safarini, hivyo alipokewa na daktari mwingine, mama wa makamo mwenye miwani. Mama huyo aliichukua ile picha ya zamani akaipa kompyuta ya akili mnemba, ile inayotambua nyonga zilizochanika. Kompyuta ikaikataa.

"Inasema inaijua tayari," mama alisema. "Ni moja ya picha ilizofundishiwa. Madaktari wetu walizichorea mistari kwa mkono ili ijue mchaniko ulivyo."

Akaifungua. Mstari mwekundu ulifuata ukingo wa gegedu, ule mfupa laini wa kiungo, pale lilipochanika, umechorwa kwa uangalifu mkubwa. Chini palikuwa na jina la mchoraji, mpenzi wake, na tarehe. Ilikuwa kesho yake baada ya siku aliyomwambia "safi kabisa".

"Ungepasuliwa wakati ule, ungecheza," mama alisema taratibu. "Sasa mfupa unasagana na mfupa. Mpira basi, mwanangu."

Jumamosi mchana daktari alimwita kwenye mkahawa wa ghorofani. Shati limepigwa pasi, marashi yanatangulia. Kabla kipa hajafungua mdomo, alipiga goti na kutoa pete. Watu wakapiga makofi.

"Uliuona mchaniko," kipa alisema.

Tabasamu likamganda. Hakuuliza upi.

"Ungekwenda ng'ambo. Ungenisahau."

"Kompyuta uliiambia ukweli."

"Ile ingetumika kwa wagonjwa wengi. Singeweza kuidanganya."

"Na mimi?"

"Wewe nilikupenda."

Makofi yalikuwa yamekwisha. Kipa alitazama lile goti lilivyokaa sakafuni, zima, bila mwenyewe kukunja uso. Alimpenda bado, na hilo lilimuuma kupita nyonga.

"Usinyanyuke mpaka nifike nje," alimwambia.

Akaanza kushuka ngazi moja moja, mkono ukutani, akipumzika kila baada ya mbili. Zilikuwa thelathini na sita, na juu kule daktari alizisikia zote.