Dakika Tisini na Mbili

"Elfu kumi na mbili, mama? Ya mbuzi na marashi ya kumuaga jini? Mwanao nimempasua kifua, nimemtilia vali mpya ya moyo, sasa yuko nyumbani Bodo anakula wali, nawe waja kunidai mimi?"

Daktari Kalama aligonga meza. Katika hospitali ile ya Diani hakukuwa na mwingine aliyepasua mioyo, na hasira zake zilikuwa karibu kama mate.

Bi Mwanasiti, mamake Swabir, hakutikisika. "Sidai mie, mwanangu. Nilikwambia mapema, Swabir ni kiti cha jini, ndani yake ndimo akaamo. Niache nimuage, nimpe pengine pa kukaa siku ya kupasuliwa. Ukanifukuza mlangoni."

"Hospitali si kilinge!"

"Haya. Moyo uliusimamisha dakika ngapi?"

"Tisini na mbili," akajibu, kifua mbele.

"Basi dakika zote hizo kiti chake kilikuwa maiti. Akatafuta kilicho hai, na cha karibu kilikuwa wewe." Bi Mwanasiti akanusa. "Udi huu wafukizwa na nani?"

Hakuna aliyefukiza. Kalama alikuwa akiisikia harufu hiyo wiki nzima, kila anawapo mikono kabla ya upasuaji. Na akilalia ubavu wa kushoto alisikia mapigo mawili, lake na jingine lililochelewa kidogo. Hakumwambia mtu. Kazi ile haikumwachia mtu wa kumwambia. Saa sita umesimama; pua yawasha, huikuni; haja imekubana, huendi. Babake alizikwa Mwabungo, na saa hiyo yeye alikuwa na kidole ndani ya moyo wa mtu, ameziba tundu. Ukishafungua kifua, hutoki.

Akamtoa bibi wa watu bila hata senti.

Jumatano asubuhi alilazwa mezani Kanyiva, mtoto wa miaka tisa kutoka Ramisi. Kalama akausimamisha moyo wake. Mashine ikashika kazi ya kusukuma damu, na anayeiendesha, Eunice, msichana wa bara, akasema, "Daktari, pampu iko poa kabisa."

Vali ikashonwa vizuri. Kalama akafungua kibano ili damu irudi moyoni, akangoja moyo ushtuke uanze kudunda kama ishtukavyo mioyo yote, lakini ule ulilala tu kiganjani mwake, laini, na harufu ya udi ikapenya barakoa ikamjaa kooni, na baridi ikampanda kutoka vidoleni hadi kwapani, naye hakuweza kuutoa mkono wala kukimbia, kwa kuwa angeuachia, mtoto angekwenda.

"Eunice," akanong'ona, "wasikia harufu?"

Eunice aligeuka. Macho yalikuwa yake. Sauti ilikuwa ya mwanamume mzee, na Kiswahili chake cha pwani ya kale.

"Umenifungia mlango bila kuniaga, daktari."

"Mtoto huyu hana kosa. Pesa nitatoa. Elfu kumi na mbili, leo hii. Hata ishirini."

"Hizo mpelekee Bi Mwanasiti. Zilikuwa za kuniaga, na kuniaga kumepita."

Kifuani mwa Kalama pigo moja likaruka. Kiganjani, moyo wa Kanyiva ukadunda mara moja, ukanyamaza, kama bidhaa iliyoonyeshwa mnunuzi kisha ikafichwa.

"Wataka nini?" akauliza Kalama.

"Moyo wako usimame. Dakika tisini na mbili, bila mashine. Nilipe."