Kitambaa cha Ziada

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa binti kumaliza sahani ya wali, akapangusa midomo na kusema, "Baba, leo umepika kama mtu mwenye akili zake." Fundi cherehani alicheka, mara ya kwanza tangu amzike mkewe.

Kesho yake binti alirudisha sahani tupu mapema mno. Nyuma ya pazia la kujaribia nguo, ambako marehemu alikuwa akiwapima wateja wa kike, kukanukia poda yake.

Fundi hakuuliza. Siku ya tatu alisikia humo sauti ya mkewe ikinong'ona, "Bado kidogo, mwanangu," akaegemea ukuta akitabasamu kama mjinga. Mama karudi kumlea mwanawe. Amfukuze?

Kila Ijumaa binti alileta gauni lake. "Baba, linanipwaya. Punguza."

"Haya, bibi mitindo!" alitania, akapunguza. Fundi hujua kuacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ili nguo itanuliwe mwili ukirudi. Safari hii binti alisema kinamkwaruza. Baba akakikata chote.

Adhuhuri moja, poda ilipoanza kunuka kama chakula kilichochacha, alifunua pazia akamkuta binti amepiga magoti mbele ya kioo, mifupa ya mgongo imejipanga chini ya ngozi kama vifungo, akiisukuma sahani yake taratibu, na ndani ya kioo, pale palipostahili kuwa na uso wake, mdomo wa marehemu ukitafuna, ukitafuna, bila macho juu yake.

"Usimkasirishe, baba," binti alinong'ona. "Kasema gauni lake la harusi likinienea, atanikumbatia."

"Huyo si mama yako. Mama yako alikata roho akiniambia nikulishe."

Kile kitu kikameza. "Mume wangu, mbona ulinisikia siku zote hizo ukanyamaza?"

Kilimhadaa kwa sauti aliyoipenda kuliko zote, lakini mkasi uliokata kile kitambaa ulikuwa wake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alitoa gauni la harusi la mkewe chini ya mto wake mwenyewe, akalikata, akaunga vipande ubavuni mwa gauni la binti, upana wa vidole vinne kila upande. Kwenye kioo sauti ikamlilia, ikimwita kwa jina la utani la chumbani.

"Kubwa mno, baba," binti alisema.

"Liache lipwaye, mwanangu."

Akambeba mgongoni hadi hospitali. Hakugeuka.