Kitawi cha Kuiba

Siku ya tatu sasa, nywele za Elsie zilikuwa hazijakauka.

Norah alizipangusa kwa taulo, akazipangusa tena, na maji yakaendelea kuchuruzika mabegani mwa mtoto, yakinuka udongo. Elsie, mtoto wa kuimba tangu asubuhi mpaka majirani wagonge ukuta, alikaa kimya akitazama kopo la dirishani.

Kopo lenyewe lilikuwa na kitawi. Jumamosi walikuwa wameenda kuona bustani ya kale kule Pumwani, iliyotengenezwa upya baada ya kufungwa miaka na mikaka. Mvua ya Novemba ilikuwa imefukuza wageni wote. Norah akaona ua jeupe asilolijua, na mama gani wa Eastlands, Nairobi, apite ua kama hilo bila kuchuna kitawi? Eti cha kuiba ndicho hushika haraka! Akaangalia kama askari yuko, akavunja, akakisukumia mkobani. Nyuma yake Elsie akaita, "Mama, ningoje!" Kisha mkono mdogo, baridi, ukashika wake, wakatoka.

"Uliomba?" alinong'ona Qamar, jirani mzaliwa wa Majengo ya Pumwani, akikitazama kitawi kutoka mlangoni. Alikataa kuingia.

"Niombe nani, dada? Mti?"

"Mwenye mti. Astaghafirullah, Mama Elsie! Bibi yangu hakuchuma pale hata jani la dawa bila kuomba na kuacha kitu. Usipoacha, anajichukulia mwenyewe. Kirudishe saa hii. Mtoto nitamchunga nikiwa hapa hapa nje."

Wueh! Norah alitoka mbio, kopo kifuani, mvua ikimpiga usoni, akimwomba Mungu wake na huku akimwomba huyo mwenye mti, akapita lango, akapita viti vitupu vya mawe, mpaka kwenye ua jeupe, akapiga magoti matopeni, akafukua kwa vidole akisema nisamehe, nirudishie mtoto wangu alivyokuwa, na kadiri alivyofukua ndivyo ile harufu ya nywele za Elsie ilivyozidi.

Simu ikalia. Alikuwa Qamar.

"Mama Elsie, huyu mtoto anacheka. Anauliza mbona unachimba."

Kabla hajajibu, vidole vidogo, vyenye joto, vilishika vyake ndani ya udongo. Sauti ikatoka chini, imekauka kwa kuita.

"Mama, si nilikuambia uningoje?"