Kauri za Kisimani

Kila asubuhi kabla ya shule, Shadya aliteka ndoo mbili katika kisima cha kijiji chao, kisiwani Chole. Wiki ile, akifika tu, wanawake walinyamaza. Sababu aliijua. Mwalimu Matano alikuwa amempa kazi ya kuandika historia ya kisima, na maneno yake yangeandikwa kwa rangi palepale kwenye ukuta wa kisima. Wanawake walihofia familia yake ingedai kisima ni chake.

Babu yake, Mzee Awadh, alimsimulia habari za baba yake, Mzee Ridhwan. Shadya akaandika: "Ijumaa moja ya ukame, Mzee Ridhwan alichimba kisima hiki peke yake. Alipoona maji, alilia."

Mwalimu aliisoma mara mbili. "Nani kakwambia ilikuwa Ijumaa?"

"Hakuna, Mwalimu. Ijumaa inapendeza."

"Na machozi?"

"Nayo nimeyatunga."

"Na hili la peke yake?"

"Babu alisema baba yake alichimba. Peke yake nimeongeza mimi."

"Mtu akiwa shimoni, nani anapokea mchanga juu? Kaulize na wengine."

Bi Somoe, jirani yao, alikuwa barazani akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa na babu yako?"

"Na mwalimu."

"Ni yaleyale. Leo mnaandika mlichimba peke yenu, kesho mnatia kufuli, sisi tukanywe maji ya bahari."

Shadya aliketi, akafungua daftari. "Basi nieleze wewe, niandike umesema wewe."

Bi Somoe aliweka ukili chini. Kisha akaeleza kwamba mama yake na wenzake walibeba mawe kutoka pwani, wakayachoma kupata chokaa ya kujengea.

"Uliona mwenyewe?"

"Nilikuwa sijaota meno." Bi Somoe akacheka. "Sasa unanishuku mimi. Haya, katazame ukingo kwa ndani. Kila aliyeleta chokaa alibandika ganda lake la kauri kutoka pwani."

Shadya aliinama kisimani, akapapasa. Kauri kumi na moja. Miaka yote kamba yake ilipita juu ya kauri hizo.

Akaandika upya: "Mzee Awadh anasema baba yake alichimba. Bi Somoe anasema wanawake walileta chokaa. Kauri zao kumi na moja zipo. Mwaka hatuujui."

"Ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi," Mzee Awadh alinung'unika.

"Tamu, mzee wangu," Mwalimu alisema, "lakini ingefukuza watu kisimani. Anayeandika historia ndiye anayechagua nani atajwe. Basi aseme kaambiwa na nani, na asichokijua akiri."

Maneno yalipokwisha kuandikwa ukutani, Bi Somoe, ambaye hakujua kusoma, alitaka asomewe mara mbili. Kisha akamsogezea Shadya ndoo. "Teka wewe kwanza."