Tukio Hili Litaripotiwa

Duka la kutoa kopi lilikuwa limefurika, kila mtu na karatasi zake na haraka zake, na katikati ya foleni kasimama binti mmoja mkalimani, kompyuta yake wazi mikononi kama mtu aliyebeba sinia. Alikuwa amependeza, acha mchezo. Gauni la njano lilimkaa kama alizaliwa nalo, viatu vya kisigino, hereni ndogo za fedha. Lakini uso, jamani! Ulikuwa umekunjamana kwa hasira. Kompyuta ilikuwa imeamua kujisasisha palepale bila kumuuliza, na karatasi aliyotaka kuchapa ilikuwa humo humo ndani.

"Kwani hii mashine ni ya nani, yangu au yao?" akafoka.

"Yao," sauti ya kiume ikajibu nyuma yake. "Wewe umeazimwa tu."

Akageuka. Kijana mrefu, suruali ya jinzi iliyofifia magotini, fulana nyeusi yenye picha ya pengwini kifuani, na tabasamu la mtu asiyekuwa na haraka kabisa.

"Na wewe nani kakuita, na bata wako kifuani?"

"Si bata huyu, dada. Ni pengwini."

"Bata aliyevaa koti," akasema, na kwa bahati mbaya akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichomponza. Kijana alikuwa fundi wa mitambo ya kompyuta katika ofisi moja ya jirani. Akatoa kompyuta yake mwenyewe, kuukuu, imebandikwa stika mpaka haina pa kubandika tena, akamfungulia barua pepe yake alimokuwa na nakala, karatasi ikachapwa. Walipotoka nje, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake. Kuanzia siku hiyo yeye akawa Bata, na binti akawa Sauti, kwa sababu Bata alisema hajawahi kusikia mtu anayegomba kwa sauti tamu vile.

Simu sasa! Asubuhi simu, mchana simu.

"Sauti, umekula?"

"Nimekula. Na wewe bata, umeogelea?"

"Nitaogelea wapi na wewe uko mbali?"

"Kwenda zako huko!" Naye kashikilia simu kwa mikono miwili.

Sauti aliishi kwa shangazi yake, mwanamke mnene mcheshi aliyemlea tangu mdogo. Jumamosi moja Bata akaja na flashi mfukoni. Akakaa kwenye meza ya sebuleni, akaifuta kompyuta ya Sauti yote, akaweka mfumo wa kuiendesha aliokuwa akiutumia yeye, wenye nembo ya yule pengwini: mfumo huria, wa bure, uliotengenezwa na watu kila pembe ya dunia wanaosaidiana tu. Alivyouelezea, macho yake yaling'aa.

"Hapa hakuna bwana mkubwa, mpenzi. Hakuna wa kukulazimisha kujisasisha. Mashine ni yako. Huu ni uhuru."

Na kweli, kompyuta iliyokuwa ikijikokota ikawa nyepesi kama mpya. Sauti akaupenda mfumo ule. Akajifunza kuandikia humo tafsiri zake, kusikilizia rekodi zake, akasahau kama aliwahi kutumia kitu kingine. Shangazi naye akafunguliwa akaunti yake, na picha yake akiwa amevaa miwani ya jua, ili acheze karata. Akanogewa nazo mpaka sufuria zikawa zinaungua jikoni.

"Na hili neno la siri la msimamizi, la kuwekea programu mpya?" Sauti aliuliza siku ile. "Mbona hunipi?"

"Utaharibu bure. Mambo ya ndani niachie mimi. Wewe tumia tu."

Akambusu kwenye paji la uso. Sauti akaona hayo ndiyo mapenzi yenyewe, kuwa na mtu wa kukubebea mambo. Alikuwa amekufa ameoza, angemkatalia nini?

Mkalimani huyu alikuwa na hamu moja moyoni. Alichoka kazi za vibarua, leo mkutano, kesho hospitali, keshokutwa hakuna. Alitaka kazi ya kudumu, dawati lake, jina lake mlangoni. Basi ikaja barua kutoka kampuni kubwa ya ukalimani katika mji mwingine, mbali. Wamempenda, wamebakiza jaribio moja tu, kwa video, akiwa nyumbani.

"Ukipata utahamia huko?" Bata akauliza.

"Nikipata nitahamia. Na wewe si utanifuata? Kompyuta ziko kila mahali."

Bata akabandua stika moja kwenye kompyuta yake. "Jaribu, mpenzi. Mungu akujalie."

Siku ilipofika, Sauti alivaa shati jeupe lililonyooshwa likanyooka, akakaa sebuleni, Shangazi akatolewa nje kwa nguvu. Asubuhi ileile kampuni ilikuwa imetuma programu ndogo ya kufanyia jaribio, na kwa simu hairuhusiwi. Akaifungua aiweke. Mashine ikaomba neno la siri. Akaandika lake. Mashine ikamjibu kwamba hana ruhusa, na chini yake maneno haya: tukio hili litaripotiwa.

"Litaripotiwa kwa nani?" akaiuliza kama chizi.

Akampigia Bata. Hapatikani. Akajaribu tena mashine, ikamkatalia tena. Akampigia tena, hapatikani. Jasho likaanza kulowesha shati. Kwa kuishiwa mbinu akaingia akaunti ya Shangazi, ile yenye miwani ya jua, akajaribu humo. Wapi! Baadaye aliona aibu sana kwa hilo, mtu mzima kwenda kujificha nyuma ya karata za shangazi yake, wala hakumwambia mtu yeyote. Akakimbia kwa jirani kuomba kompyuta, mlango umefungwa. Aliporudi, muda ulikuwa umepita. Akawaandikia akiomba radhi. Wakamjibu kwa adabu kwamba nafasi imeshajazwa.

Jioni Bata alikuja mbio. "Nilikuwa chini kwenye chumba cha mitambo, mpenzi! Simu haishiki kule. Ningejua!"

"Umenifunga mikono kwenye nyumba yetu wenyewe, Bata! Uhuru gani huu?"

"Nilisahau. Haki ya Mungu nilisahau kwamba ungelihitaji neno la siri."

Akamfukuza. Kwa wiki kadhaa hakupokea simu. Akakonda, akawa mkali, hata karata za Shangazi zilimuudhi. Lakini moyo hauna akili. Bata alituma ujumbe, akatuma maua, akamtuma na Shangazi. "Mwanangu, kila mtu husahau," Shangazi akambembeleza. "Mwenzio haendi kazini vizuri." Mwisho Sauti akalainika.

Wakakutana kwenye mgahawa mdogo wenye mapazia ya kijani. Bata alivaa suti, mara ya kwanza, kola inamkaba. Sauti alivaa gauni jekundu alilojiapiza kutomvalia. Chai ikaja, ikapoa. Bata akatoa pete.

"Sauti, nimekukosa mpaka nimeumwa. Nioe... yaani, nikuoe! Unaona, hata maneno yamenikimbia."

Sauti akacheka mpaka machozi. "Nioe, Bata. Nakubali."

Pete ikaingia. Wakashikana mikono juu ya meza, wakaanza kucheka hovyo, kila kitu kikawachekesha, hata kijiko. Na ndipo ulimi wa bwana harusi mtarajiwa ukateleza.

"Lakini siku ile mpenzi wangu ulinichekesha! Eti ukaingia mpaka kwenye akaunti ya Shangazi! Na miwani yake ile!"

Alicheka peke yake.

"Nani kakwambia hayo?" Sauti akauliza taratibu.

"Si... si wewe mwenyewe?"

"Mimi sijamwambia mtu."

Bata akashika kola ya shati. Akatazama dirishani, akatazama chai. "Mashine huniletea ripoti," akasema mwisho. "Kwenye kompyuta ya kazini."

"Lini?"

"Palepale."

"Kwa hiyo ulikuwa unaniona."

"Ningekufungulia ungeondoka!" Bata akalipuka. "Ungeenda kule, ungenisahau. Nilizima simu nikakaa naangalia zile ripoti zinaingia moja baada ya nyingine, nikalia, wallahi nililia. Nakupenda!"

"Najua unanipenda. Hilo ndilo linaloniuma."

Akavua pete. Haikutoka kirahisi, kidole kilikuwa kimevimba kwa joto. Akaiweka karibu na kikombe.

"Neno la siri."

Bata akalitamka, herufi moja moja, kama mtoto anayesomeshwa. Sauti akaliandika kwenye simu, akaondoka.

Nyumbani Shangazi, aliyejua habari za pete, alikuwa ameshawaambia majirani. Akampokea mlangoni kwa mikono iliyonyooshwa, kisha akaishusha polepole alipouona uso. Akasikiliza yote, akafyonza.

"Basi turudishe ule mfumo wa zamani. Sitaki kitu chake humu."

"Hapana, Shangazi. Huu ni mzuri. Mashine haina kosa."

Akakaa, akabadilisha neno la siri, akaanza kutafuta kazi nyingine. Simu ikaita, ikakatika, ikaita. Akapokea.

"Sauti, nisamehe."

"Nimeshakusamehe."

"Kweli? Basi nakuja. Nakuja sasa hivi!"

"Usije, Bata."

"Si umesema umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Ila kila nitakapokwama maishani, nitajiuliza kama unaniangalia tu. Usije."

Akakata simu. Kisha akalia, kwikwi zikamshika, na Shangazi akaja akamkalia karibu.