Makaa Juu ya Filamu Bubu

Saa tatu asubuhi.

Suud alipanga wizi kama wenzake wanavyopanga harusi: kanzu mpya, udi, na maneno mengi. Walikuwa kwenye ghala la nyuma la fundi makochi, mtaa wa Malindi, Unguja. Wanu alikaa juu ya kochi lisilo kitambaa, akimdharau kimyakimya. Alikaa miaka miwili Chuo cha Mafunzo, gerezani, kwa kosa la mwanamume huyu, na hakumtaja. Afra, binti yake, alianza kutembea mama yake akiwa ndani. Alipotoka, mtoto alimkimbia.

Leo ilikuwa kazi ya mwisho. Angekataa, Suud angemchongea polisi kwa wizi mwingine wa zamani. Wanu aliapa harudi ndani tena. Afra ndiyo kwanza ameanza kumwita mama.

Suud akaeleza. Stoo kwa mjane mmoja, Bi Rahila, yamo makopo manne ya filamu bubu, ya zama picha hazijaanza kusema. Ni hadithi ya maharamia iliyokuwa ikioneshwa kipande kimoja kila wiki. Dunia inaamini imepotea. Kipande cha mwisho kimebaki Unguja, na tajiri mmoja anakisubiri Kendwa.

Leo kwa Bi Rahila kuna khitma ya marehemu mumewe. Wanu ataingia na wapishi, atayaficha makopo ndani ya sufuria chini ya wali, kisha atapalia makaa juu ya mfuniko. Suud na Hamid, dereva, watakuja kulibeba kama chakula cha msikitini.

“Wali uliopaliwa haufunuliwi,” Suud alisema. “Hata mwizi anajua adabu hiyo.”

Hamid alicheka. Hamid hucheka lolote bosi akisema, mradi asiulizwe yeye.

Saa sita.

Uani moshi, vitunguu na umbea. Wanu alisalimu, “Shikamoo Bi,” akaitikiwa marahaba, akapewa mwiko. Hakuna aliyemuuliza katoka wapi. Penye khitma kila mkono ni wa nyumbani. Watu wema hawa, alifikiri, na ndiyo maana wanaibiwa.

Aliyatoa makopo kwa safari mbili, ndani ya kanga. Alikuwa akiyafunika kwa wali pale mwanamke mmoja alipopita na chetezo chenye makaa ya udi kuelekea stoo. Bi Rahila akamzuia upesi. Filamu za mkwewe zimo humo, alisema, na zikishika moto hata maji hayazizimi.

Wanu akampigia Suud kumwonya.

“Kazi yako kupika,” Suud alijibu. “Ya kufikiri niachie mimi. Palia.”

Saa saba kasorobo.

Hamid alitangulia kuingia uani, jasho linamtoka.

“Ondoka sasa hivi,” alinong'ona. “Suud kishamwita sheha wa mtaa. Kampa jina lako, watu wakushike wewe huku sisi tunakwenda zetu.”

Wanu hakushangaa. Alichukua koleo, akapalia makaa mekundu hadi mfuniko hauonekani.

“Usipande gari,” alimwambia Hamid.

Suud akaingia ananukia, akamwita dada mbele za watu. Wakalibeba sufuria. Wazee barazani wakainuka kuwapisha, wakiwaombea dua. Sufuria lilipokaa garini, Hamid alisema kasahau kofia, akapotelea uchochoroni.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Hatua chache tu, kisha Wanu angekuwa njiani kwa Afra. Lakini alitaka kumwona Suud kwa macho yake. Alipanda ngazi, akasimama kwenye dirisha la upande wa gari.

Suud hakuweza kungoja Kendwa. Alifunua sufuria palepale ndani ya gari, akafungua kopo alitazame windo lake. Makaa yakamwagika ndani. Moto ukatoka ukivuma, mweupe. Alijitupa nje bila ndevu, viganja vimebabuka, akilia kama mtoto. Watu wakamwaga ndoo kwa ndoo. Moto ukaendelea kuwaka, ukala kipande cha mwisho cha maharamia wote.

Wanu alicheka. Alicheka hadi akajishikiza dirishani, akafurahi kuliko siku aliyotoka gerezani. Hakusikia viatu vya sheha ngazini.

“Wanu!” sauti ya kiume iliita nyuma yake.

“Abee,” akaitika, kama bibi yake alivyomfunza kuitikia wakubwa.

Kisha kicheko kikamkatika: nyumba hii hakumwambia mtu jina lake. Akageuka.